Mbao za Papa Kabeya

Likasi, Ijumaa, saa nane mchana

Felista, binti yangu, mama yangu,

Umeenda kwa mama-mkubwa wako kusukwa nywele, na mama yako yuko uani anakukaangia karanga za njiani. Mimi nimekaa mezani na daftari la kazini ambalo halina kazi tena. Sitakuandikia namna ya kufunga mizigo, wala namna ya kulala na kitambulisho chako kifuani, wala maji gani ya kunywa treni ikisimama Kamina. Hayo mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho atakuambia ya nne.

Nakuandikia kwa sababu ya nyumba unayokwenda kufikia. Barua ya rafiki yako Ntumba ilipokuja kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai, ikisema shule yao inatafuta mwalimu wa darasa la pili, na kwamba utalala naye chumba kimoja kwa mama yake, uliruka ukapiga kelele mpaka majirani wakauliza nani amejifungua. Nilikupongeza. Ulipotoka nikaichukua ile barua nikaisoma peke yangu, mara nyingi kuliko wewe. Palipoandikwa kwamba baba yao, Papa Kabeya, alifariki mwaka juzi, nilipita haraka. Nilikuwa natafuta mstari mmoja wa mwisho: "Mama anasalimia Papa Felista." Basi. Hakuna kingine juu yangu. Nimeugeuza mstari huo kila upande na bado sijui umeandikwa kwa moyo gani.

Wale watu niliwatendea ubaya, mama. Wewe hujui kwa sababu nilikudanganya. Mama yako anajua. Juzi alikuwa anachambua matembele, hakuinua hata uso, akaniambia: "Ao utamuambia weye, ao nitamuambia miye. Lakini mutoto haende kula ku meza ya ile mama kama kipofu."

Kwa hiyo naanza.

Unaikumbuka sebule yao. Papa Kabeya alikuwa seremala katika karakana ya kampuni, mimi karani wa zamu kule usini, kiwandani, naandika nani ameingia saa ngapi na nani ametoka. Nyumba zetu za kampuni zilitenganishwa na ukuta wa uani tu, na zote zilikuwa na sakafu ileile ya simenti, iliyopasukapasuka, inayotoa vumbi hata uimwagie maji asubuhi na jioni. Sisi wote tuliivumilia. Yeye hakuivumilia. Miaka miwili alikusanya mbao za mulombwa, moja leo, mbili mwezi ujao, akazipiga randa nyuma ya nyumba mpaka zikawa nyekundu na laini kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta. Siku alipoanza kuzitandika niliingia kuangalia, nikamwuliza misumari iko wapi.

Akacheka. "Hakuna musumari, Papa Felista. Inalala yenyewe."

Akanionyesha. Kila ubao ulikuwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi wa huu unaingia katika mfereji wa ule, unagonga polepole, zinashikana kama vidole vya mikono miwili. Chini yake aliweka karatasi za mifuko ya simenti ya Kakontwe, tabaka juu ya tabaka, ili unyevu usipande. Sakafu nzima haikufungwa popote, si chini, si ukutani. Alijifunza hivyo alipokuwa kijana, akitengeneza nyumba ya mkubwa mmoja Mzungu. Pembeni, kandokando ya ukuta wote, aliacha nafasi ya upana wa kidole, kisha akaifunika kwa kipande chembamba cha ubao kilichosimama ukutani.

"Hapa acha fasi," aliniambia. "Libao iko kintu ya uzima. Mvua inanyesha, inavimba. Jua inawaka, inarudia. Ukiinyima fasi, itajitafutia."

Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia. Kwa kweli nilikuwa naitazama ile sakafu. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka kwao na kuingia kwangu, niliiona simenti yangu. Sijui kama umekwisha kuujua wivu wa mtu mzima. Hauna kelele. Nilimsifu Papa Kabeya mbele ya watu, nikawaleta hata wenzangu wa kazini waje waone, na kila aliposifiwa nilirudi kwangu nikahesabu nyufa.

Nyinyi watoto hamkujua lolote. Wewe na Ntumba mlikuwa mnateleza na soksi kutoka mlangoni mpaka dirishani. Andre, kadogo kao, mdogo wake Ntumba, alijifunza kutembea juu ya mbao zile akiwa ameshika vidole vyako viwili. Ulimbeba mgongoni mpaka watu wa mtaa wakakuita mama yake.

Kisha yakaja yale. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Vijana walipoanza kupita mitaani na fimbo, wakiwaita majirani zetu wadudu, tulikupeleka kwa bibi yako Kambove, kwa hiyo mengi hukuyaona. Watu waliozaliwa hapa, waliozika baba zao hapa, waliambiwa kwao ni Kasai na waende huko. Sisi tulihesabiwa watu wa hapa. Sikufanya kazi yoyote kustahili hesabu hiyo. Jina la babu yangu lilitosha.

Papa Kabeya alipewa siku moja. Alikuja kwangu mchana, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kama anakwenda misa, patasi mkononi.

"Papa Felista, banatuambia kesho. Bintu byenye bega inaweza, nitabeba. Lakini ile mabao siwezi kuiacha bale batoto baichome moto. Uniwekee. Hii mambo itapita. Nitarudia kuichukua."

"Nitakuwekea," nikasema. Nilisema hivyo na nilikuwa na nia hiyo. Nataka ujue na hilo pia.

Tuliziondoa mchana uleule. Kwa kuwa hapakuwa na msumari hata mmoja, kazi ilikuwa nyepesi. Alibandua kile kipande cha ukutani, akapenyeza patasi, ubao wa kwanza ukainuka, na zilizobaki zikafuata moja moja. Chini ya kila ubao aliandika namba kwa kalamu ya risasi, na mshale mdogo, ili akirudi ajue upi unakaa wapi. Mimi nilibeba. Mama Ntumba alikuwa anafunga masufuria katika shuka huku Andre anazunguka na kulia kwa sababu hakuna aliyemtazama. Tulizipanga mbao chini ya kitanda chetu na kwenye ukumbi mwembamba wa kuingilia jikoni. Tulipomaliza, sebule ya Papa Kabeya ilikuwa simenti tupu, yenye nyufa kama yangu. Nakuambia ukweli wote, Felista. Kitu fulani ndani yangu kilifurahi kuiona.

Asubuhi yake walikwenda stesheni. Huko walikuwa maelfu, wanalala nje chini ya vipande vya plastiki, wanangoja treni isiyokuja. Mvua za kwanza zikaanza. Mama yako alikuwa anawapelekea ukari, ugali wetu, kwenye beseni, ameufunika kwa nguo chafu ili walioko njiani wafikiri anakwenda kufua. Mimi sikwenda hata siku moja. Nilisema mwanamume ataonekana haraka. Alinitazama akasema, "Njo vile," akachukua beseni lake.

Usini palikuwa pamesimama. Mashine zimelala, wakubwa wamekimbia, na karani wa zamu hana zamu ya kuandika. Nilikaa nyumbani nikiangalia mikono yangu. Wiki ya tatu nilichukua kamba nikapima sebule yetu. Nilijiambia kwamba mbao zikirundikwa chini ya kitanda zitapinda, na kwamba zikitandazwa zitakuwa salama zaidi, na kwamba mwenyewe akirudi atanishukuru. Mama yako aliponiona na kamba aliuliza, "Na Papa Kabeya akirudia?"

"Atarudia wapi?" nikamjibu. "Huoni bale batu balifukuzwa?"

Felista, sikuwahi kufurahia kazi kama ile. Sitakuficha hilo, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Miaka kumi na tisa niliandika saa za watu wengine, na hapo, kwa mara ya kwanza, mikono yangu ilikuwa inatengeneza kitu. Sikuwa fundi. Safu ya kwanza ilikwenda kombo, nikaiondoa. Ya pili nikaigonga kwa nyundo moja kwa moja, nikavunja ulimi wa ubao, ndipo nikakumbuka kwamba Papa Kabeya alikuwa anaweka kipande cha mti katikati ili nyundo isiguse ubao wenyewe. Nikafanya hivyo. Ubao ukaingia katika mwenzake na ule mlio mdogo mzuri, tok, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga. Nilipiga magoti siku nne. Magoti yalivimba. Nilisahau njaa, nilisahau usini, nilisahau na stesheni.

Sebule yao ilikuwa ndefu kuliko yetu, kama urefu wa mkono hivi. Kwa hiyo ilibidi mbao za mwisho wa kila safu zikatwe. Hapo ndipo. Ubao wa mtu unaweza kuutandaza, kuukanyaga, hata kulala juu yake, na bado ni wake. Ukiukata kwa kipimo cha nyumba yako, umekwisha kuamua. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika msumeno. Nilisimama kidogo, nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikakata.

Na ile nafasi ya kidole sikuiacha. Niliona ni ubaya, kama kazi ya mtu asiyejua kupima. Mimi nilikuwa nimepima vizuri. Nilizikata mbao zikafika ukutani kabisa, hata wembe haungepita. Nikazisugua kwa nta ya mishumaa. Jua la mchana lilipoingia dirishani nyumba yetu ikawa nyekundu. Nilikaa kwenye kiti nikaitazama kazi yangu kama mkubwa.

Siku mbili baadaye mama yako alirudi kutoka stesheni mapema, bila beseni. Alisimama katikati ya sebule na viatu vyake vya matope.

"Andre amekufa," akasema. "Surua. Asubui hii."

Nilisema jina la Mungu. Sikumbuki nini kingine.

"Papa Kabeya analomba mabao tano. Anasema tano tu, hata ile mifupi. Patasi iko nayo, atatengeneza sanduku mwenyewe. Uitoe, nitaifunga ku kinga, niende nayo sasa hivi."

Kinga yetu, ile baiskeli nyeusi, ilikuwa imeegemea mlangoni. Aliileta tayari.

Nikatazama chini. Ili kutoa mbao tano ilikuwa lazima kuanzia ukutani, kuinua safu baada ya safu, na zile za ukutani nilizibana kiasi kwamba zisingetoka bila kuvunjika. Saa mbili za kazi. Siku nne zangu zingepotea. Nilifikiri hivyo, mama. Mtoto uliyembeba mgongoni alikuwa amekufa kwenye matope ya stesheni, na mimi nilikuwa nahesabu safu.

"Umuambie baliiba," nikasema. "Bale vijana baliingia, bakachukua yote."

Mama yako alitazama miguu yake. "Niko nasimama juu yake," akasema, "na unasema baliiba?"

"Umuambie vile."

"Mutoto atazikwa mu nini?"

Alingoja. Alingoja muda mrefu, Felista, mpaka nikageuza uso nikatazama dirishani. Kisha nikasikia anaondoka, anaisukuma baiskeli tupu.

Sijui alimwambia Papa Kabeya nini. Sikumwuliza siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo, naye hajasema. Kwa hiyo sijui kama yule mtu alikufa akiamini mbao zake ziliibiwa na vijana, au alikufa akijua zilikuwa wapi na nani amekaa juu yake. Mama Ntumba atakuwa anajua alichoambiwa. Wewe utamwona usoni kabla yangu.

Kesho yake asubuhi nilibandua milango miwili ya kabati letu la nguo. Ndiyo, milango ile haikuanguka kwa uzee kama nilivyokuambia. Niliifunga kwenye baiskeli nikaondoka. Kwenye njia panda ya kwenda stesheni nikawakuta vijana wamesimama na fimbo, wanasimamisha watu, wanauliza unabebea nani. Nilikuwa bado mbali. Nikageuza. Nyumbani mama yako aliiona milango ile akaniambia nisijisumbue. Walikwisha kumzika jana, jua halijazama, katika kikwembe, kile kitenge cha Mama Ntumba cha siku ya ndoa.

Miaka mingi nilijisimulia habari hii kuanzia pale njia panda. Nilijiambia: niliogopa. Na ni kweli, niliogopa, mji mzima uliogopa, na mtu aliyeogopa unaweza kumwelewa. Lakini njia panda ilikuwa siku ya pili. Siku ya kwanza hapakuwa na mtu mlangoni kwetu. Hakuna aliyeshika fimbo. Tulikuwa mimi, mama yako, na sakafu nzuri.

Treni yao ilikuja wiki chache baadaye. Nilisikia honi nikiwa kitandani mchana, nikajifunika shuka.

Kisha mvua ikakolea. Asubuhi moja nilikanyaga katikati ya sebule nikasikia chini kuko wazi. Baada ya siku tatu sakafu ilikuwa imeinuka kama mgongo wa ng'ombe, mbao zimeachana, meza inayumba. Mlango wa mbele ukakwama, tukawa tunapitia jikoni. Majirani waliobaki walikuja kuangalia. Wengine walicheka wazi. Nikaenda kumwita Papa Mwansa, yule mzee wa mtaa wa nyuma aliyekuwa seremala pamoja na Papa Kabeya. Alipiga magoti, akagonga hapa na pale, akapitisha kidole kwenye ukuta.

"Nani alikutandikia?"

"Mimi mwenyewe."

"Hukuacha fasi."

Akapenyeza patasi yake, akang'oa ubao mmoja, akaugeuza aangalie ulimi wake. Pale chini ilikuwa namba, na mshale. Papa Mwansa aliitazama ile namba muda mrefu. Alifanya kazi meza moja na mwenye mwandiko ule miaka kumi na zaidi. Akaulaza ubao chini taratibu, akafuta mkono wake kwenye suruali, akaanza kurudisha vyombo vyake mfukoni.

"Hii kazi, miye siiguse," akasema.

Sidhani alimsimulia mtu. Lakini tangu siku ile tukikutana kanisani ananipa mkono wa kushoto.

Nilichonga ukingo wote mwenyewe, nimelala kifudifudi, siku tatu. Sakafu ikashuka, lakini haikulala tena vizuri. Ndiyo maana inalia ka! ka! chini ya miguu yetu, na wewe ulipokuwa mdogo ulisema inazungumza.

Uliporudi kutoka Kambove, ulisimama mlangoni ukavua viatu. "Papa! Kama kwa ba Ntumba!" Nilikuwa na nafasi ya kukuambia hapo. Nikasema: "Papa Kabeya alituachia. Alisema batoto bacheze." Ukalia kwa kuwa walikuwa wameenda, kisha ukakaa chini ukawaandikia barua ya shukrani, ukurasa mzima, na mwishoni ukachora Andre amesimama. Ulinipa niipeleke posta. Posta ilikuwa imefungwa, huo ukawa udhuru wangu. Juu ya Andre nilikuambia baada ya miezi, nikasema alifia Kasai kwa homa. Uongo huo nao ni wangu.

Mama yako hakugombana nami. Afadhali angegombana. Anafagia mbao zile kwa sababu uchafu hauvumilii, lakini hajawahi kuzipaka nta, na hajawahi kutandika mkeka juu yake akakaa. Mgeni akizisifu, anakwenda jikoni. Umekua ukiona hivyo ukafikiri ni tabia yake, kwamba mama yako ni mtu baridi. Uliniambia hivyo mwaka jana, na nikanyamaza. Si mtu baridi. Amekaa miaka saba na siri ya mtu mwingine mdomoni.

Wiki iliyopita, ulipokwenda kuchukua diploma yako, nilizitoa mbao tano za karibu na dirisha. Sasa hazisumbui, zinatoka kwa mkono. Nilizipiga randa upya, nikazifunga kamba, nikafikiri nitakupa uende nazo. Mama yako alitoka uani akanikuta.

"Unamupelekea nani?" akauliza. "Mutoto iko mu udongo. Na baba yake."

Nikafungua kamba nikazirudisha. Kabla ya kuzilaza nilizigeuza. Namba bado zipo, wazi kabisa: arobaini na moja, arobaini na mbili, na kuendelea. Mishale yake inaelekeza kwenye sebule ambayo sasa wanakaa watu wengine wasiojua kama pale paliwahi kuwa na mbao.

Nilifikiri nikifika hapa nitakuwa na la kukufundisha. Ninalo dogo. Ukiwekewa kitu cha mtu, usikipime. Mimi nilianza na kamba. Msumeno ulikuja wenyewe baadaye. Na siku ukijitetea kwamba uliogopa, jiulize uoga ulifika siku gani. Zaidi ya hayo sijui. Nilikuwa nafikiri mtu mbaya ni yule wa fimbo. Sikushika fimbo, sikumtukana mtu, nilisali Jumapili zote. Wenye fimbo hata jina la Andre hawakulijua. Mimi nililijua.

Usiniombee msamaha kwa Mama Ntumba. Hilo nakuomba kwa nguvu. Mtu akiombwa na mtoto aliyemlaza nyumbani kwake na kumpa chakula, inakuwa vigumu kukataa, na yule mama ana haki ya kukataa. Akikuuliza, mjibu yote. Asipokuuliza, utaona mwenyewe. Mimi si mtu wa kukuambia lini useme na lini unyamaze. Ukitaka, mpe karatasi hizi azisome. Akikufukuza kwa ajili yangu, usimlaumu, na usirudi hapa kwa hasira tu. Tafuta chumba, ufundishe watoto wako wa darasa la pili. Akikuweka, msaidie kazi za nyumba kama mtoto wake, lakini usifanye hivyo ili kulipia yangu. Wewe hukukata ubao wowote.

Nasikia unacheka njiani na binti wa mama-mkubwa. Namalizia.

Mama yako alitaka nikupe barua hii leo mkononi, ukae kwenye kiti hiki uisome mbele yangu. Nimemwambia naona aibu, kwamba nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya vikwembe, utaikuta ukifika. Amekubali kwa sababu anafikiri ni aibu kweli. Si aibu. Kesho, kabla ya kupanda treni, utanikumbatia. Utalia kidogo, nakujua, na utaniambia, "Papa, ujichunge." Utakuwa bado unanijua kama ulivyonijua siku zote. Ningeweza kukuachia usome kwanza, kisha uchague mwenyewe kama utanikumbatia. Sikukuachia. Hilo nalo nimelichukua.

Papa yako